Kanzu Nne za Alhaji Rajabu

Mzee Hemedi alifariki Tanga siku ya Jumanne, na habari ilinifikia Jumatano mchana nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni, mbele ya bibi arusi mmoja wa hapa Observatory, Joburg, ambaye gauni lake lilikuwa refu kupita kiasi. Simu ilitetemeka juu ya meza. Ilikuwa sauti ya Maman Clarisse, ile anayoitumia kanisani akitangaza msiba, na aliongea kwa kifupi kwa sababu mwenyewe alikuwa analia. Nilimaliza upindo wote kwanza. Bibi arusi aliniuliza kama nina mafua, nikasema ni baridi tu. Tangu siku hiyo sitaki kukaa peke yangu, kwa maana kuna jambo la mwaka 2019 ambalo nilimweleza mtu mmoja tu hapa duniani, na mtu huyo ndiye waliyemzika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina wateja wangu, nina watoto wawili wanaonijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili, na bado nikiona kitambaa cheupe kimetandazwa juani nageuza uso.

Ya kwetu Uvira na ya njiani nayaacha. Chumba ndicho ninachotaka kukieleza. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani huko Bertrams, chenye sakafu ya mbao iliyolia kila ukipita, dirisha kubwa lililotazama barabara, na mahali pa kuotea moto ambapo hatukuwahi kuwasha moto. Tulipajaza mabaki ya vitambaa. Upande wa kushoto ulikuwa wa Maman Clarisse, fundi kutoka Kongo kama mimi, aliyenifundisha kazi. Ukuta wake ulijaa picha za mitindo ya liputa, vitenge vya kwetu, mikono mipana na migongo wazi. Upande wa kulia ulikuwa wa Mzee Hemedi, Mwislamu wa Tanga, fundi wa kanzu, na kwake kulikuwa na rafu moja tu ya juu yenye msahafu. Katikati ilisimama meza ya kukatia, kubwa kama kitanda cha watu wanne, ambayo walichangia kuinunua. Mzee ndiye aliyekata vitambaa vyote, vyake na vya Maman, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkasi kama wake. Maman ndiye aliyezungushia kingo zote, zake na za Mzee, kwa sababu mashine ya kazi hiyo ilikuwa yake. Mzee akisali, Maman aliondoa mguu kwenye cherehani mpaka amalize. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, Mzee aliwapokea wateja wetu, akawapa nguo zao na kuwasikiliza malalamiko yao mpaka mwisho, jambo ambalo Maman hakuwa na subira nalo.

Tulikula pamoja karibu kila siku. Maman alipika fufu na sombe ya majani ya muhogo, au ndakala, dagaa wa kwetu, waliokaangwa na nyanya, na Mzee alikuwa anaumega ugali wetu huku akitutania kwamba Wakongo wanakula jiwe kisha wanashangaa kwa nini hawakimbii. Maman alimjibu kwamba watu wa Tanga wanakunywa uji kama wagonjwa. Mfungo wa mwaka ule uliingia Mei, baridi ikianza, na kwa kuwa jua la Joburg wakati huo linazama mapema, saa kumi na moja na nusu tulikuwa tayari tumeketi sakafuni kwenye kitambaa cha mpira, mimi na Maman tukila futari ya mtu mwingine: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi zenye sukari. Mchana wa mfungo Maman alisema tusile mbele ya Mzee. Tulijificha stoo, tukatafuna mkate kimyakimya kama wezi. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa chumba changu cha kulala.

Nasema haya ili ieleweke nilichokuwa naogopa kupoteza. Chumba kile hakuna mmoja wao aliyeweza kukilipia peke yake, na mimi nje ya kile sikuwa na pa kwenda. Na kulikuwa na watu wawili ambao, kila mmoja kwa upande wake, hawakupenda tulivyokaa. Wa kwanza alikuwa Alhaji Rajabu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mteja mkubwa wa Mzee na mtu aliyesikilizwa na Watanzania wengi wa msikitini kwao. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni, akashusha sauti, akauliza, Mzee wangu, kushonea watu nguo za ibada chumba kimoja na picha hizi mpaka lini? Wa pili alikuwa Pasta wetu, ambaye akija kuliombea duka alitembea akipaka mafuta kuta na cherehani za Maman, na akifika katikati ya meza aligeuka kurudi. Nilisikia yote kwa sababu cherehani yangu ilikuwa karibu na mlango. Mwaka wenyewe ulikuwa wa wasiwasi. Uchaguzi ulikuwa umepita mwezi ule ule wa Mei, na kwenye spaza, duka dogo la kona, watu walizungumza juu ya wageni huku sisi wageni tumesimama kwenye foleni tukishika mikate yetu. Nilikuwa nahesabu nani anaingia na nani anatoka.

Ndipo Pasta akaleta oda. Vijana wa kanisa wangefanya igizo siku ya Pentekoste, juu ya Vita vya Msalaba, na alitaka mavazi kumi na mawili meupe, marefu, yenye msalaba mwekundu kifuani. Akanichagua mimi kuwa msimulizi. Kabla ya vijana kuingia na panga zao za mbao, nilitakiwa kusimama na kueleza sababu na matokeo ya vita vile, bila karatasi. Karatasi alinipa ya kujifunzia tu: sababu saba, matokeo sita. Kanisa zima lingekuwa linanitazama, na mimi nilikuwa mtu wa kutetemeka hata nikiulizwa jina. Kwa hiyo nilianza kukariri nikishona. Mfalme wa Konstantinopoli aliomba msaada. Mahujaji waliteswa njiani. Papa wa Roma aliwaahidi watakaokwenda kwamba dhambi zao zitasamehewa. Watoto wa kiume wasio na urithi walitafuta ardhi. Wafanyabiashara wa Italia walitaka bandari. Nilisema hivyo mchana kutwa, mguu kwenye cherehani, mpaka Maman akasema ataanza kuniota.

Mzee alinisikiliza siku tatu bila neno. Siku ya nne aliweka mkasi chini. Nilikuwa nimefika mahali pa mwaka 1099, ambapo karatasi ilisema wapiganaji waliukomboa mji wa Yerusalemu.

"Waliokuwa wanaishi humo je," aliniuliza, "nao walikombolewa?"

Nilitazama karatasi. Karatasi haikusema. Akanieleza taratibu, mkono wake ukinyoosha kitambaa, kwamba waliuawa, Waislamu na Wayahudi, wanaume kwa wanawake. Akasema pia kwamba chuoni kwao Tanga alifundishwa kwa fahari jinsi sultani alivyourudisha mji baada ya miaka karibu tisini na kuwaacha Wakristo watoke kwa kujikomboa, lakini hakufundishwa kwamba mji ulipotekwa mara ya kwanza watawala wa Kiislamu walikuwa wanagombana wao kwa wao, na baadhi yao baadaye walifanya mapatano na hao hao wapiganaji. Hiyo aliisoma mwenyewe utu uzimani. Nusu yenu mnayo, nusu yetu tunayo, alisema, na kila mtu nusu yake inamtosha. Maman alikuwa anabana uzi kwa meno. "Bale batu balishakufa kitambo, Mzee," akasema. "Muache mwana asome." Mzee akacheka, akarudi kwenye mkasi.

Lakini mimi sikuacha kufikiria. Kilichonitisha zaidi kilikuwa mstari mmoja mwishoni mwa karatasi, kwamba mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba waliuteka na kuupora mji wa Konstantinopoli, ambao ulikuwa wa Wakristo wenzao, mji ule ule ulioomba msaada. Sikuweza kuukariri mstari huo kwa sababu sikuuelewa. Nilimuuliza Pasta, akasema ni mambo ya siasa, niuruke. Nilimuuliza Mzee, akasema mtu akishatoka nyumbani kwenda kupigana, mara nyingi anapigana na anayemkuta. Nilikuwa nalala stoo nikisikia upepo wa Juni kwenye bati, nikiwaza hilo, na sijui kwa nini nililichukua kama jambo linalokuja kwetu.

Sasa kosa lenyewe. Mzee alikata vitambaa vyote vyeupe asubuhi moja, kwa sababu ya mfungo alitaka kazi nzito iishe mapema. Alikata mavazi ya kanisa na kanzu za Idi kwa kielezo kimoja, kile cha kanzu, kwa kuwa hakuwa na kielezo kingine cha vazi refu jeupe. Maman alicheka sana, askari wa msalaba kuvishwa kanzu ya Tanga. Mzee akajibu kwamba nao walivaa nguo ndefu juu ya chuma chao ili jua lisiwachome, na kanzu ni kanzu. Desturi ya chumba chetu ilikuwa kufunga kila oda kwa ukanda wa pindo la kitambaa: fundo moja ni ya Maman, mafundo mawili ni ya Mzee. Ijumaa nilifungua mafurushi yote nipige pasi, nikayafunga tena, na kichwa changu kilikuwa Yerusalemu. Jumamosi nikaanza kubandika misalaba kwenye vipande vya mbele, kwanza kwa pasi ya mvuke, kisha kwa cherehani. Nilishona minne huku nikisema sababu ya tano kwa sauti. Nilipochukua kipande cha tano vidole vikashtuka. Kilikuwa chepesi, kitambaa cha shuka, ambacho ndicho Pasta alichonunua. Vile vinne vya kwanza vilikuwa vizito na laini. Vilikuwa vya Alhaji Rajabu na wanawe watatu.

Maman alikuwa amekwenda mjini kununua nyuzi. Mzee alikuwa kwenye sala ya adhuhuri, amenipa mgongo, hatua nne kutoka nilipo. Nilifumua misalaba ile chini ya meza, uzi kwa uzi, nikisikia anavyosujudu na kuinuka, na kila akiinuka nilisimamisha wembe. Misalaba ilitoka. Rangi haikutoka. Mvuke wa pasi ulikuwa umeyeyusha wekundu, na kwenye kila kipande kulibaki msalaba wa waridi, mwepesi, kama alama ya mkono ulionawa vibaya. Nilivipeleka uani, nikaviloweka kwenye dawa ya madoa, nikavikausha mbele ya hita ya stoo. Chini ya taa ya dukani havikuonyesha kitu. Nilijiambia haionekani, na nikaamini kwa sababu nilihitaji kuamini. Nikaviunga mbavu, nikavitundika upande wa kulia.

Kwa siku tatu, kila baada ya futari, Mzee alikaa sakafuni chini ya taa, miwani imeshuka puani, akidarizi shingo za kanzu zile kwa mkono. Nilikaa karibu naye nikimtilia uzi kwenye sindano. Kila jioni nilikuja pale nimeamua kusema, na kila jioni nilipofungua mdomo nilimwona akilini Alhaji amesimama mlangoni anauliza mpaka lini. Kama Alhaji angejua, lingekuwa jibu lake. Niliogopa hivyo, na niliogopa pia zaidi ya hivyo: niliogopa Mzee aache kuniita mwanangu. Jumanne Alhaji alikuja kuchukua kanzu zake kwenye mifuko ya nailoni. Alizisifu. Mzee alifurahi kama mtoto.

Idi ilikuwa Jumatano. Mzee aliondoka alfajiri, akarudi mchana na sufuria ya pilau aliyopewa na wenzake, akatutandikia kitambaa cha mpira. Tulikuwa katikati ya chakula Alhaji alipoingia. Alikuwa amevaa jezi ya sufu na suruali, na kanzu nne alizibeba mkononi. Hakusema Idi njema. Alitandaza moja dirishani na jua la majira ya baridi likapita ndani yake, na msalaba ukaonekana, kifuani, mahali pake kabisa. Wamesali uwanjani, alisema, jua limewakabili, na watu wameona. Vijana wamepiga picha. Wanawe wamerudi nyumbani wamejifunga mashuka.

Mzee aliinuka. Aliichukua kanzu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha dole gumba pale sindano yangu ilipopita.  Kisha alinitazama mara moja tu. Nilikuwa na tonge la pilau mkononi na sikuweza kulipeleka mdomoni wala kulirudisha.

"Kosa ni langu, Alhaji," alisema. "Nimelaza misalaba ya kanisa juu ya kanzu zako ikiwa na unyevu. Macho yangu yamechoka."

Maman aligeuka kama amepigwa. Misalaba ile ilikuwa imekaa kwenye kikapu chake, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa ila mimi. Akamuuliza Mzee alikuwa anatafuta nini kwenye vitu vya kanisa. Mzee akasema alikuwa anapanga meza. Maman akasema meza haipangwi hivyo. Alhaji akakunja kanzu zake, akamwambia Mzee, kwa huruma, si kwa hasira, kwamba haya ndiyo aliyomwonya. Na mimi, ambaye neno langu moja lingewanyamazisha wote watatu, sikulisema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Picha ilisambaa kwenye simu. Kufikia Ijumaa, upande wa Alhaji walisema Wakongo wameshona misalaba ndani ya kanzu za Idi makusudi, ili dua zisipande. Upande wetu walisema fundi Mwislamu ameng'oa misalaba ya igizo la kanisa na kuifuta. Watu waliokuwa wakisalimiana kila siku kwenye robot, taa za barabarani za kona, walianza kuvuka barabara mapema. Pasta alikuja, safari hii hakuingia, akamwambia Maman achague kabla ya mwisho wa mwezi. Alhaji alikuwa tayari amempatia Mzee nafasi mtaa wa Mayfair, kati ya Waislamu wenzake, na alimaanisha wema. Nilikuwa na karatasi yenye sababu saba za vita vya watu waliokufa miaka mia tisa iliyopita, nazijua kwa moyo, na sababu ya vita hivi vyetu vidogo, mimi mwenyewe, nilikuwa naisuka nywele kila asubuhi mbele ya kioo. Maman na Mzee hawakugombana. Waliacha tu kula pamoja. Maman alipika, akafunika, akasema hana njaa. Mzee alipika uji wake, akaunywa amesimama.

Jumamosi, mkesha wa igizo, jioni mapema, Mzee alikuwa anakunja mavazi ya kanisa, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alinikabidhi yote kumi na mawili. Akaniambia kesho nisiwasahau waliokuwa ndani ya mji. Hilo tu.

Kanisa letu lilikuwa ghala la zamani, na siku ile lilijaa mpaka watu wakasimama. Nilipanda jukwaani. Sababu zilitoka zote saba. Nilipofika Yerusalemu nilimwona Maman mstari wa pili, mikono imefungwa, na nikajua kwamba nikitaja waliokuwa ndani ya mji sitaishia hapo. Nitaendelea, nitasema kanzu, nitasema wembe, nitasema mimi.  Nikasema waliukomboa mji. Biashara ilikua, nikasema, sukari na viungo vikafika Ulaya, wafalme wakapata nguvu, na kutoaminiana kati ya Wakristo na Waislamu kukaendelea karne nyingi. Nikaruka Konstantinopoli. Ngoma zikapigwa, vijana wakaingia na kanzu za Tanga zenye misalaba, watu wakashangilia sana. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikatapika ukutani. Niliona haya kiasi kwamba nilitamani mtu anikute na aniulize. Hakuna aliyekuja.

Mwisho wa Juni Mzee alihama. Ilibaki meza. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake wala kumnyang'anya, kwa hiyo walimwita seremala, akaikata katikati kwa msumeno, mchana kweupe, sisi tumesimama tunatazama vumbi. Kila mmoja alibaki na meza isiyotosha urefu wa kanzu. Maman alianza kukata sakafuni, magoti yakamuuma mpaka leo. Upande wa kulia alikuja fundi wa simu kutoka Malawi, kijana mpole, na redio yake.

Septemba ilipokuja walikuja watu na marungu kuwasaka wageni, mtaa kwa mtaa. Tulijifungia stoo siku mbili, cherehani mbili tumezisukuma mlangoni, tukisikia vioo vya duka letu vikianguka na redio ya yule Mmalawi ikibebwa ikiwa bado inaimba. Maman aliomba kwa sauti ya chini bila kupumzika. Waliovunja hawakumuuliza mtu anasali wapi. Mayfair kwenyewe hawakufika, lakini wateja wa Mzee waliogopa kutoka, na wanawe walioko Tanga wakamwambia inatosha, rudi nyumbani.

Alikuja kuaga asubuhi ya Jumatatu, na begi moja. Maman alimpa chai kwenye kikombe kizuri. Walizungumza juu ya magoti, juu ya basi, juu ya mpaka wa Zimbabwe na foleni zake. Hawakugusa Juni. Walipeana mikono na Maman akaingia ndani haraka. Mimi nilimsindikiza mpaka getini, nikashika begi lake nisiliachie, na hatimaye nikasema. Nilisema yote, mafundo, pasi, wembe, dawa ya madoa, nikilia kwa kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia.

"Nilijua siku ile ile," alisema Mzee. "Matundu ya sindano yako nayajua."

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza na kuubeba mzigo usio wake. Akasema alikuwa anasubiri. Alidhani ningesema siku ya Idi, kisha alidhani kanisani, kisha alidhani siku ya meza.

"Sasa nimesema, Mzee."

"Umeniambia mimi, mwanangu. Mimi nilikuwa najua."

Akachukua begi lake. Nilirudi ndani nimeazimia kumwambia Maman siku hiyo hiyo, na nilimkuta anafagia vioo, nikachukua ufagio wa pili. Nimechukua ufagio wa pili kwa miaka yote hii. Kulikuwa na sababu kila wakati, na zote nilizikariri vizuri.

Jumapili iliyopita Alhaji Rajabu alimfanyia Mzee Hemedi hitima nyumbani kwake Mayfair, na alimtumia Maman salamu aje. Tulikwenda pamoja, tumejitanda. Maman anatembea kwa fimbo sasa. Wanawake walitupokea vizuri, tukakaa nao wakati wa dua, na baadaye uani masinia ya pilau yalipopita, Alhaji mwenyewe alikuja na birika kutumiminia chai. Amezeeka. Alimpa Maman pole kwa mikono miwili. Akaanza kumsifu marehemu, mkasi wake, ucheshi wake, kisha akatabasamu na kusema kwamba masikini, mwisho macho yalimtupa, aliniharibia kanzu zangu za Idi, mimi na wanangu tukachekwa. Lakini wallahi, alisema, sikubeba kitu moyoni. Nilimsamehe.

Nilisimama. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya msimulizi, kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hakuharibu yeye, Alhaji. Ni mimi. Nilishona misalaba kwenye kanzu zako kwa kukosea, nikaifumua, nikaficha. Mzee aligundua mbele yako, akajibebesha kosa langu. Maman, vitu vya kanisa hakuvigusa."

Maman Clarisse aliweka sahani yake chini, taratibu, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu.  Alhaji aliangalia birika, akaniangalia mimi, akaangalia tena birika.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimsamehe."

Nilisubiri aendelee. Alibaki amesimama hapo hapo, na watu nyuma yake walikuwa wanangoja chai.